Mitutu minne mezani

Saa tatu za usiku hivi, kambini kwa wawindaji, taa ya sola inawaka nusunusu na wadudu wamejaa mezani. Mzee amefungua sanduku lake refu, mle ndani kuna kitako kimoja tu cha bunduki na mitutu minne, kila mmoja umelala kwenye shimo lake la sponji, imepakwa mafuta inang'aa. Akaniuliza kwa kile Kiswahili chake cha Malindi, "Haya kijana wangu, kesho tutie upi?"

Nikamjibu, "Wowote tu, mzee. Yote mizuri."

Halafu nikaenda kulala.

Hii ni wiki ya saba tangu nirudi nyumbani na hilo neno halijaniacha. Niko kwenye boti nafunga ndoana, nalisikia. Niko kwa kinyozi, nalisikia. Wowote tu. Nimeandika haya nikiwa nimekaa ukutani karibu na jeti, kaskazi imeanza kuvuma taratibu na sulisuli wameanza kuonekana, na nataka nilitoe hili jambo kifuani kabla wageni hawajajaa.

Miezi ya kusi

Wanaonijua wanajua kazi yangu ni boti za uvuvi wa wageni hapa Malindi. Kusi ikichacha maboti yanapandishwa, na mimi huwa sipendi kukaa barazani miezi mitatu nikihesabu vikombe vya kahawa. Mama yangu kwao ni Tanga, kwa hiyo upande ule kwangu ni nyumbani pia, na ni huyu mzee, Mtaliano aliyekuwa mgeni wetu wa boti miaka mingi, aliyenipeleka mara ya kwanza kwenye kitalu cha uwindaji kusini mwa Tanzania. Huko msimu unafunguliwa Julai. Nikaanza na kubeba maji, nikaja kwenye kufuata nyayo, sa hivi kazi yangu jioni ni kuandaa bunduki za wageni: kuzisafisha, kuzifunga, kuhakikisha asubuhi kila kitu kipo mahali pake.

Kwa hiyo lile swali la mezani halikuwa maongezi ya usiku. Lilikuwa ni kazi yangu.

Na bunduki zenyewe siku hizi ni hizi za kubadilisha mtutu. Mtu ana kitako kimoja, triga moja, halafu anachomoa mtutu wa kaliba hii, yaani upana wa tundu na aina ya risasi inayoingia, anapachika wa kaliba nyingine. Ukichukua mfano wa Blaser R8 ya Wajerumani, ambayo imekuwa sokoni tangu 2008, mtutu unashikwa na nati mbili tu zilizofichwa chini ya mbao, ufunguo mmoja, dakika chache umemaliza, na kaliba zake zinaanzia ile .22 ya kupigia makopo mpaka .500 ya ndovu. Darubini inakaa juu ya mtutu wenyewe, sio juu ya mwili wa bunduki, kwa hiyo ukiurudisha mtutu shabaha nayo inarudi karibu pale pale ulipoiacha. Ni ufundi wa hali ya juu, mi nimeshika kwa mikono yangu na sisemi kingine.

Shida ni kwamba ukiwa na mitutu minne unaanza kuona kama umemaliza kuchagua. Kila kitu kipo. Basi upi tuutie? Wowote tu.

Nyumbu

Asubuhi mzee akatia mtutu wa 6.5 Creedmoor. Sio kaliba mbaya. Ni ya 2007, Wamarekani waliitengenezea shabaha ya mbali, haipigi teke sana, inakwenda imenyooka. Mzee kwao anaitumia, kaizoea, na mwindaji bingwa wetu, yule anayewaongoza wageni porini, asubuhi hiyo alikuwa na gari bovu kichwani mwake, akaniuliza tu "Bunduki ya mzee iko sawa?" nikasema iko sawa.

Saa moja na nusu tukapata nyumbu dume yuko peke yake pembeni ya mbuga, mita 140 hivi. Nyumbu dume ni kilo 250 na ana roho ngumu, hilo kila mtu wa porini atakwambia. Alikuwa amekaa mshazari, bega limeelekea kwetu. Mzee akaegemeza bunduki kwenye zile fimbo tatu, akavuta pumzi, akapiga. Nikasikia risasi ikigonga. Sauti ya kugonga mfupa naijua.

Nyumbu akaruka, akakimbia.

Tulifuata damu. Mwanzo ilikuwa nyingi, nyekundu mbichi, juu ya majani kimo cha goti. Baada ya saa moja ikawa matone. Baada ya saa mbili ikawa tone moja kila hatua kumi, halafu tone kwenye jani moja ambalo nililigeuza mara mbili nikidhani ni utomvu. Jua limepanda, askari wa wanyamapori aliyekuwa nasi hasemi kitu, mzee hasemi kitu, mi nimepiga magoti natafuta doa dogo kuliko punje ya mtama. Tukampata saa tisa alasiri. Alikuwa bado mzima. Amesimama chini ya mti ameinamisha kichwa, mguu wa mbele unaning'inia.

Mwindaji bingwa akammaliza kwa .375 yake.

Kwa muda wa saa saba na nusu yule mnyama alitembea hivyo.

Boksi

Tulipomchuna ndo nikaona. Risasi ilikuwa imepasukia pale pale juu ya bega. Vipande vidogo vidogo vya shaba na risasi vimetapakaa kwenye nyama, mfupa umevunjika kwa juu, lakini hakuna kilichofika kifuani. Kidonda kipana kama sahani, kina chake ni vidole vitatu.

Nikarudi kwenye begi la mzee nikachukua boksi. Greini 95.

Kwa wasiojua, greini ndo kipimo cha uzito wa kichwa cha risasi, na greini 95 ni kama gramu 6. Kichwa chepesi, ngozi yake nyembamba, kimetengenezwa kwa makusudi kifunguke kikigusa tu. Mzee kwao anapigia mbweha nacho. Kwa mbweha ni kitu cha sawa kabisa, anakufa hapo hapo. Kwa bega la nyumbu ni sawa na kumrushia tofaa. Na kwenye lile lile sanduku, mfuko wa chini, kulikuwa na boksi jingine la kaliba ile ile, greini 140, kichwa kirefu na kigumu. Angelitumia hilo labda nyumbu angeanguka ndani ya mita hamsini.

Nilipitisha mikono yangu kwenye yale maboksi yote mawili usiku ule. Niliyapanga. Sikuyasoma.

Hapo ndo pananiuma. Ningesema kosa ni la kaliba ndogo ningelala, kesi imekwisha, tulaumu 6.5 tuendelee. Lakini kosa halikuwa la kaliba, na kwa kitambo nilikuwa sijui niliweke wapi.

Kwa ami

Ami yangu ana miaka themanini na kitu, anakaa Shela hapa hapa Malindi. Kabla uwindaji haujafungwa Kenya, Mei 1977, alikuwa mbeba bunduki huko Galana kwa miaka kumi na moja. Nilikwenda kumwamkia ijumaa baada ya swala, nikamshika mkono, shikamoo ami, nikamwaga yote.

Hakunilaumu. Aliniuliza, "Uta wa Mwaata umewahi kuuvuta?"

Sijawahi. Waata, wale tuliokuwa tukiwaita Waliangulu, wawindaji wa ndovu wa bara yetu hii nyuma ya Malindi. Nyuta zao zilikuwa ngumu ajabu, kuuvuta mmoja mpaka mwisho ilikuwa ni kama kunyanyua zaidi ya kilo 45 kwa vidole. Ami alijaribu ujanani, akafika nusu. Mi nikadhani anataka kuniambia habari ya nguvu, kwamba mnyama mkubwa anataka kitu kikubwa.

"Watu wote wanasimulia uta," akasema. "Kilichokuwa kikimuua ndovu ni sumu ya mutsungu iliyopakwa kwenye mshale. Na sumu walikuwa wakiifunika kwa ngozi isikauke, kila siku wanaiangalia. Uta kazi yake ni kuifikisha ndani. Sasa wewe umeuangalia uta, mshale hukuuangalia."

Nikanyamaza muda mrefu. Mke wa ami akaleta kahawa na tende, nikanyamaza bado.

Tena nikakumbuka kisa cha Bell, yule Mskoti ambaye watu wa bunduki hawachoki kumtaja, aliyeua ndovu zaidi ya 1,000 mwanzoni mwa karne iliyopita na wengi wao kwa kaliba ndogo, 7x57, iliyotoka 1892. Kila anayetaka kubeba kaliba ndogo anamtaja Bell. Lakini Bell alikuwa akitumia kichwa kirefu, kigumu, kisichofunguka kabisa, na alipasua mafuvu ya ndovu ili ajue ubongo umekaa wapi. Wanaomtaja wanachukua namba ya kaliba wanaacha hayo mengine yote. Mi mwenyewe nimeshamtaja hivyo kambini, tena mbele ya wageni.

Nilipoaga ami akaniambia tena, "Sisi tulikuwa na bunduki mbili. Ya nyama, na ya kujiokoa. Ya tatu angeibeba nani?"

Mbili zipi?

Wiki ya tatu mzee akanitumia ujumbe WhatsApp. Anakuja tena Julai. Anataka kuacha mitutu miwili nyumbani aje na miwili tu, kwa sababu ya ndege, na anataka mimi nimwambie ipi. "Safari hii usiniambie wowote," aliandika. Hakuwa anatania, na mi sikuchukulia kama utani.

Hiyo ya ndege ni hesabu ya kweli. Kwa kawaida abiria anaruhusiwa kilo 5 za risasi, basi. Risasi moja nzima ya .375 yenye kichwa cha greini 300 ni kama gramu 40, ya .30-06 yenye greini 180 ni karibu gramu 28. Ukichukua 60 za kila moja umeshafika kilo 4 na maboksi hujahesabu. Sasa ugawanye kilo 5 kwa kaliba nne, unabaki na vijirisasi vichache vya kila aina, havitoshi hata kujaribu shabaha vizuri ukifika. Halafu vibali, kila kaliba inaandikwa, idadi ya risasi inaandikwa, na mpakani wanahesabu moja moja.

Mtutu wa kwanza haukunisumbua. Kuna nyati kwenye leseni yake, na kwa nyati sheria ya kule inataka .375 au zaidi. .375 ya Holland & Holland, ya tangu 1912, inatupa kichwa cha gramu 19 na ushei na kwenye kila kambi niliyofika boksi lake halikosekani. Mzigo ukipotea uwanja wa ndege wa Addis unaazima, kesho unaendelea. Hiyo ni ile ya kujiokoa.

Wa pili ndo ulinitoa jasho.

Alikuwa na 6.5 yake, .223, na .30-06. .223 ni kwa digidigi na mbweha, hiyo ikae nyumbani. Kati ya 6.5 na .30-06, moyo wangu ulitaka kuitoa 6.5 kwa hasira, na nikajizuia kwa sababu hasira ilikuwa yangu sio ya mtutu. Kwa greini 140 inafanya kazi nzuri tu kwa swala pala, kwa kongoni, hata kwa nyumbu akikaa ubavu. Teke lake dogo, na mzee ana miaka sabini na mbili, bega lake naliona linavyotetemeka baada ya raundi tano za .375. Teke la .375 ni karibu mara mbili ya .30-06, na mtu anayeogopa teke anafumba macho kabla hajavuta triga. Hilo nalo linajeruhi wanyama.

Nikaandika 6.5. Nikafuta.

Halafu nikaja na wazo nililoliona la akili sana: kwa nini asinunue mtutu wa .300 Winchester Magnum aachane na yote hayo? Tako la ganda lake la baruti ni sawa na la .375, kwa hiyo kichwa cha boliti, ncha ya kile chuma kinachofunga risasi ndani ya bunduki, hakibadiliki, unabadilisha mtutu na magazini tu. Hizi bunduki watu wanafikiri ni mtutu tu, lakini ganda la .30-06 tako lake ni milimita 12 na la .375 ni milimita 13 na nusu, inabidi ubadilishe na kichwa cha boliti kishikacho ganda. Kitu kimoja zaidi cha kusahau usiku chini ya taa mbovu, na mimi sasa najijua. Nikalala nalo wazo hilo siku mbili, nikilipenda kwelikweli.

Nikaja kuliacha nikiwa baharini. Tulikuwa tunapanga fimbo, ya kilo 15 kwa sulisuli, ya kilo 60 imewekwa tayari akitokea marlin, na nahodha akaniambia bila kunitazama, weka kila rili na mfuko wake, chambo chake na ndoana zake, sitaki kutafuta samaki akishapiga. Tunafanya hivyo kila siku. Hakuna aliyewahi kutaka ndoana zote zilingane ili tusizichanganye. Tunazitenganisha.

Na kulingana sana kuna hatari yake. Wamarekani wana zile bunduki za kugawanyika juu na chini, ambapo .223 na .300 Blackout zinatumia boliti ile ile na magazini ile ile, ganda la .300 limekatwa kutoka lile lile la .223, unabadilisha mtutu tu. Urahisi mtupu. Mpaka siku mtu anaposhindilia risasi ya .300, yenye kichwa cha karibu milimita 8, kwenye mtutu wa .223 ambao tundu lake halifiki milimita 6. Wakati mwingine inaingia na boliti inafunga. Bunduki inapasukia usoni mwake. Kumbe ganda kubwa la .375 kukataa kuingia kwenye kichwa kidogo cha boliti ya .30-06 ni rafiki yako, linakwambia simama, umekosea.

Kwa hiyo .30-06. Ya 1906, ya zamani kuliko baba wa ami. Greini 180, kichwa kigumu, mfupa wa bega haukimalizi. Ni nzito kidogo begani kuliko 6.5, hilo nimelikubali, na nimemwambia mzee afanye mazoezi kuanzia sasa, raundi kumi kila wiki, sio arobaini siku moja kabla ya safari. Ila sababu yangu kubwa ni kwamba pale porini akiwa na ile ya nyama mkononi na mnyama amekaa mshazari, nataka risasi iliyoko ndani iwe inatosha hata kama mimi nimechoka, hata kama mwindaji bingwa ana gari bovu. Sio iwe inatosha tukipata bahati ya ubavu.

Kuna watakaoniambia basi si angenunua tu bunduki mbili za kawaida. Nimefikiria. Lakini kitako ni kile kile, triga ni ile ile, shavu lake linakaa pale pale, na mazoezi ya .30-06 yanamfundisha mkono ule ule utakaoshika .375 mbele ya nyati. Kwa mzee wa miaka yake hiyo ni faida ninayoiona kwa macho. Mitutu miwili nakubaliana nayo. Minne ndo imenishinda.

Ujumbe

Juzi usiku nimemjibu. Nimeandika hivi:

"Mzee, njoo na .375 na .30-06. Hizo mbili nyingine ziache. Kila mtutu na darubini yake, kichwa chake cha boliti na maboksi yake kwenye mfuko mmoja, mfuko mwekundu na mfuko wa buluu, visikutane. Tukifika tunapiga tatu za kila mtutu kabla ya kwenda popote. Na kabla hujafunga sanduku nitumie picha ya maboksi. Lile la nyumbu sikulisoma. Nisamehe."

Alichelewa kujibu. Alama mbili zikageuka buluu, zikakaa hivyo karibu saa nzima. Halafu ikaja picha, meza ya jikoni kwake, boksi moja jekundu na moja la kijani, na chini yake ameandika "Nilikuwa na macho pia."

Nikaikuza ile picha kwa vidole viwili mpaka maandishi ya ubavuni yakasomeka. La kijani lilikuwa .30-06, greini 180. Lile jekundu mwanga wa taa umelipiga, namba haionekani.

Nikamwandikia aligeuze boksi apige tena.